Mfumo Wangu, Jina Lake

Miaka ile nilikuwa mtunza takwimu wa hifadhi ya bahari pale Utende, kisiwani kwetu. Wapiga mbizi walileta maelfu ya picha za matumbawe, nami nilizifungua moja moja kwenye kompyuta. Umeme ukikatika, kazi ya siku nzima ilianza upya. Nikajifunza kuandika programu, na kwa miezi mingi nikaunda mfumo wa kuzipanga picha na kuhesabu matumbawe yaliyokufa. Umeme uliporudi, mfumo uliendelea pale ulipoishia.

Wa kwanza kumwonyesha alikuwa mtafiti mgeni kutoka bara. Alikula kwetu karibu kila Ijumaa, na mama alimwita "mwanangu". Nilimpa nakala yote bila kusita.

Kwenye mkutano wa watafiti mjini Kilindoni, aliuonyesha mfumo ule ukutani. Juu paliandikwa jina lake peke yake. Mara umeme ukakatika, na uliporudi ujumbe niliouandika kwenye mfumo ukatokea: "Poleni, umeme ulikatika. Tunaendelea." Watu wakacheka, wakampigia makofi. Nikanyoosha mkono.

"Maneno hayo aliyaandika nani?"

"Timu yetu," akajibu bila kunitazama.

Baadaye alinifuata nje. "Dada, ningekutaja, ila muda ulikuwa mfupi."

"Jina langu lingekula muda gani?"

Akarudi ukumbini.

Mwaka uliofuata mfumo uliletwa ofisini kama zana mpya, nami nikapangwa kwenye mafunzo. Nilisaini karatasi ya mahudhurio, nikakaa siku mbili nikifundishwa kazi ya mikono yangu mwenyewe.