Jeneza la Roelof Mferejini

Hilligje Wever alikuwa na ulimi mkali tangu ujana wake, lakini sijapata kumwona na hasira kama za siku tulipomzika mumewe, Roelof.

Kijiji chetu kina mifereji badala ya barabara. Baridi ikiisha tu, wageni humiminika, hukodi mashua na kuja "kuijua Uholanzi". Wakishaijua, huwa wameshachungulia jikoni kwa Hilligje na kupiga picha chupi zake kambani. Mara moja alimkuta bwana mmoja ameketi kwenye benchi la bustani yake, anakula mkate.

"Nikuletee na siagi?" akamuuliza.

Yule bwana akashukuru, akasema ndiyo.

Roelof alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mkata matete ya kuezekea, mtu asiyependa ugomvi. "Waache, mama. Jioni wataondoka."

Mwezi wa Mei moyo wake ukasimama.

Kwetu maiti ni wa majirani. Sisi ndio tunaomlaza ndani ya jeneza, sisi ndio tunaomfikisha kanisani. Tuliweka jeneza katika mashua yake ya matete, Hilligje akaketi upande wa kichwani, mimi na jirani yetu Harm tukashika pondo, ile miti mirefu ya kusukumia mashua. Hatukufika mbali. Nyuma yetu ikatokea mashua kubwa ya wageni, na kipaza sauti kikaanza:

"Mabibi na mabwana, leo mna bahati. Haya ndiyo mazishi ya asili ya hapa kwetu."

Simu zikainuliwa. Mwanamke mmoja akapanda juu ya kiti ili aone vizuri. Na aliyekuwa akizungumza ni Sander, mtoto wa dada yake Roelof.

Hilligje akainuka. Akaninyang'anya upondo, akauchomeka topeni, akaigeuza mashua ikaziba mfereji, ukingo hadi ukingo.

"Sander, zima hilo dude."

"Mama, mimi niko kazini tu."

"Nani alikufundisha kushika upondo?"

Sander akashusha kipaza sauti kidogo.

"Nakuuliza wewe."

"Mjomba."

"Basi waambie. Waambie humu ndani yumo mjomba wako, na wewe hukuja kumbeba. Si wamekuja kutujua? Watujue."

Sander alitazama maji. Kisha akawaambia, kwa kipaza sauti kilekile. Simu zikashuka moja moja. Yule mwanamke akaketi.

"Sasa rudini nyuma," Hilligje akasema.

Walirudi kwa shida, wakigongana na mashua zilizokuwa zimejazana nyuma yao. Mke wa Harm akatoa mashua ya nyumbani kwao, akaziba njia nyuma yetu, na hakuna mgeni aliyepita mpaka tulipomaliza kuzika na kunywa kahawa.

Jioni Sander alikuja na maua. Hilligje alisimama mlangoni, hakumpisha.

"Wapelekee wageni wako."

"Mama, nisamehe."

"Nenda."

Halmashauri ilisimamisha kibao cha kuwaomba wageni watuheshimu. Wageni wanapiga picha nacho. Hilligje amepanda ua wa miiba kuzunguka bustani, na anayechungulia hupata maji ya ndoo. Sander aliacha kazi ile. Sasa anakata matete pale alipokuwa akikata mjomba wake. Hilligje hupita karibu naye kwa mashua, wala hageuzi shingo.