Paa wa Ngao na Kaa wa Kipini

Tope la mikokoni kule Kipini hunuka chumvi na majani yaliyooza. Tope la kwetu Ngao hunuka mpunga. Nilizijua harufu zote mbili mwaka ule Mto Tana ulipofurika ukabeba nyumba yetu na shamba zima, Mama akatupeleka kwao Kipini, mto unapoingia baharini. Baba, mkulima hodari na mtu wa kucheka, alinyong'onyea ukweni. Kutwa alikaa kwenye gogo akiwatazama kaa wakiingia na kutoka mashimoni. "Huyu mnyama wenu amevaa mifupa nje, nyama ameificha ndani," aliniambia siku moja, nikacheka hadi mbavu zikaniuma. Mnyama wake yeye alikuwa paa wa msitu wa kando ya mto, mdogo, mwoga, asiye na kinga ila miguu yake.

Asubuhi moja nilimletea gamba la kaa, zima hadi magando, lakini ndani tupu. Akauliza nani kamla. "Hajaliwa, Baba Zena," Mama akamjibu. "Limembana, kalivua. Sasa yumo shimoni, laini, angoja jipya ligumu. Na weye livue hilo la Ngao, tukae hapa." Baba aliligeuzageuza mkononi. "Paa hana gamba la kuacha," akasema. "Yeye ana njia yake tu. Maji yakija anapanda juu, yakishuka anarudi kwa njia ile ile." Niliogopa sana. Mmoja alitaka tubaki, mwingine turudi, nami nilikuwa mtoto wao wa pekee. Maji yalipopungua Baba alitangulia peke yake. Mama alinuna, akalia kwa siri, mwishowe akanishika mkono tukamfuata.

Siku hizi nafanya kazi Garsen, na mto bado haujaacha tabia yake. Mafuriko yaliyopita niliwahamishia wazee wangu Minjila, kwenye mwinuko, katika nyumba ya mabati mapya, nikiamini kwamba safari hii watabaki. Baba, ambaye magoti yamemchoka, alikubali bila ubishi. Maji yaliposhuka nilimkuta Mama mlangoni, mkeka umeshafungwa. Nikamkumbusha habari ya kaa.

"Gamba la Kipini nshalivua zamani, mwanangu," alisema. "Langu la sasa liko Ngao. Mwinue babako."