Masahihisho ya Baba

Mwezi uliopita nilirudi Nangara kufunga nyumba ya baba. Jirani, mama yule yule aliyekuwa akinifukuza kwenye mapera yake, alinikabidhi ufunguo, akanipa pole ya msiba tena, kisha akaniacha peke yangu. Juu ya meza, chini ya chupa ya chai, nikakuta daftari. Nililijua kabla sijalifungua. Kaa hapa nikusimulie, maana bila habari ya kalamu nyekundu hutanielewa.

Nilikuwa darasa la tatu baba alipokuwa gerezani. Alipigana kilabuni, mtu akaumia vibaya, mahakama ikampa miaka yake. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo nililelewa na bibi, mama yake baba. Natamani ungemjua! Nyumba yake ilinukia mbaazi za kuchemsha na moshi wa kuni, na Jumamosi alinikalisha na ungo nipepete, huku akinikosoa kila nikirusha. Kiswahili chake kilikuwa na Kigorowa ndani yake, na darasa hakuwahi kuliona kwa ndani.

Baba naye hakujua kusoma. Huko gerezani mwalimu mmoja mstaafu, mkazi wa Nakwa, alianzisha darasa la akina baba: wajifunze kusoma, kisha kila mmoja amwandikie mtoto wake, na mtoto ajibu. Barua alizibeba mwenyewe kwa baiskeli. Kengele yake ikilia tu, mimi niko barabarani, "Shikamoo mwalimu!" hata hajashuka.

Barua ya kwanza ya mkono wa baba ilikuwa na mistari mitano. Ilipanda mlima, ikashuka, herufi nyingine zimelala chali. Bibi alinifanya niisome mara nne. "Soma tena," alisema, "mara ya kwanza nilikuwa nalia, sikusikia."

Sasa sikia upumbavu wangu. Wiki ile nilikuwa nimechaguliwa kukusanya madaftari ya darasa zima, nikajiona mtu mkubwa kweli kweli. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaisahihisha barua ya baba. Kosa, kosa, kosa. Chini nikaandika: 4/10, mwandiko mbaya, ongeza bidii. Nikaitia kwenye bahasha pamoja na jibu langu, nikampa yule mzee wa baiskeli. Haki ya Mungu, nilidhani namsaidia baba.

Kengele ikaacha kulia kwetu. Mbaazi zilikuwa zinachanua nilipotuma. Zikakomaa, tukavuna, hakuna barua. Siku moja nilimwona mwalimu sokoni, nikamkimbilia. Akashuka kwenye baiskeli, akanitazama kwa huruma.

"Baba yako haji tena darasani, mwanangu. Barua zote hupitia kwa askari. Ile yako ilisomwa mbele ya wenzake, wakacheka sana. Amesema kama hata mwanawe anamcheka, basi, inatosha."

Jamani! Nililia mpaka nyumbani. Bibi aliposikia hakunichapa, na kunichapa kungekuwa nafuu. Aliendelea kupukuchua mbaazi zake.

"Wewe mwalimu akikuwekea kosa, unafanyaje?"

"Nafanya masahihisho, bibi."

"Na baba yako anajua kwamba na wewe huwa unawekewa?"

Hakujua. Nikatoa kurasa za hesabu nilizokuwa nimezificha chini ya godoro: mbili ya kumi, sifuri ya kumi, nyekundu tupu. Nikazituma zote pamoja na masahihisho niliyoyafanya, na maneno machache: Baba nisamehe. Mimi pia nakosa. Usiache shule.

Wiki mbili baadaye kengele ikalia. Ndani ya bahasha hakukuwa na barua mpya. Ilikuwa ile ile, ameiandika upya, mistari ameinyoosha kwa rula, na juu kabisa ameandika MASAHIHISHO na kupigia mstari. Pembeni aliacha nafasi ya alama. Nikamwekea vema kubwa, ukurasa mzima, na bibi akadai kalamu naye aweke ya kwake.

Alipotoka gerezani, mtindo ule uliendelea. Asubuhi akienda shambani aliacha ujumbe kwenye daftari: Nimekwenda kupalilia. Uji upo kwenye chupa. Mimi naweka vema kwanza, ndipo ninywe. Uji ule wa ulezi, wenye moshi kidogo, sijaupata tena popote, na nimeutafuta. Kisha bibi akafariki, nikaenda kusoma, nikaajiriwa mbali. Simu zikaja, tukawa tunaongea kila Jumapili. Nani angeandika tena?

Baba aliandika. Daftari lile limejaa, siku baada ya siku, nyumba tupu, hakuna wa kusoma. Nimekwenda Nakwa kutafuta mbegu. Nimekwenda ibadani. Uji upo. Kila ukurasa, pembeni, nafasi ya alama. Na katika Jumapili zote zile hakuniambia hata mara moja, wala mimi sikuuliza. Hilo linaniuma.

Nikatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, nikaketi kwenye kiti chake, nikaweka vema moja moja mpaka mkono ukachoka. Nikabakiza ujumbe wa mwisho.

Nimekwenda hospitali mara moja. Nitarudi jioni. Uji upo kwenye chupa.

Mwandiko umenyooka, hauna kosa hata moja. Sikuweza kuuwekea vema.