Vinundu vya F na J

Kule ofisini walimwita Chapchap, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alilipata kwa vidole. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akisikiliza sauti za watu waliogombana mbele ya baraza la usuluhishi, wapangaji na wenye nyumba, ndugu na ndugu zao, na kuziandika neno kwa neno bila kuruka hata kikohozi. Ofisi ilimtumia sauti, yeye akarudisha kurasa. Kazi aliifanyia nyumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kabati la vyombo na dirisha, hedifoni masikioni, macho ameyafumba. Kufumba huko ndiko kulikokuwa fahari yake yote. Alisema mchapaji anayetazama vidole vyake ni sawa na mtu mzima anayetazama miguu yake akitembea, na akikukuta unatazama hakujisumbua kuficha dharau.

Basi ndiye huyohuyo aliyepeleka ofisini kurasa nne za upuuzi mtupu. Vidole vyake vilikuwa vimetua kitufe kimoja pembeni ya pale vinapotakiwa kutua, na kwa kuwa vilikuwa na uhakika na kazi yao, vilikwenda hivyohivyo, kitufe kimoja pembeni, kwa nusu saa nzima. Kosa hilo hulifanya mchapaji hodari tu. Asiyejua kuchapa angelishtukia kwenye neno la kwanza, maana hana ujasiri wa kuacha kutazama. Mkuu wa ofisi alimpigia simu huku akijizuia kucheka.

"Mama, hawa mashahidi walikuwa wanaongea au wanapiga chafya?"

Naye akacheka, akaomba radhi, akaisingizia laptopu. Laptopu yenyewe kweli haikuwa na mtetezi. Bawaba moja ilikuwa imekatika, betri haikushika hata dakika kumi, na vile vinundu viwili vidogo vilivyo juu ya kitufe cha F na cha J, ambavyo mchapaji huvipapasa ili ajue mikono yake iko nyumbani, vilikuwa vimelika kabisa. Ncha za vidole vyake ndizo zilizovila. Lakini yeye alijua jambo ambalo mkuu hakulijua. Zamani alizisoma kurasa zake mara mbili kabla ya kuzipeleka. Siku hizi alikuwa ameacha kuzisoma, maana kusoma kulimchosha, na mwanzo wa kila mstari ulikuwa ukimponyoka.

Akaenda kwa daktari wa macho peke yake, akiwa amemuaga mumewe kwamba anapitia sokoni. Huko alikalishwa mbele ya bakuli kubwa jeupe, kidevu juu ya kipande cha plastiki, jicho moja limezibwa, mkononi amepewa kitufe cha kubonyeza kila aonapo kinukta cha mwanga. Kwa kubonyeza hakuwa na mpinzani. Alibonyeza, akabonyeza, kisha taa zikakoma. Akangoja. Alipoona kimya kimezidi akauliza kwa adabu kama mashine imemaliza.

"Bado, mama," nesi akamwambia. "Taa zinawaka."

Hajapata kuogopa maishani mwake kama alivyoogopa pale, akiutazama weupe mtupu ambao kumbe ulikuwa na taa zake, watu wengine wanaziona.

Ilikuwa presha ya macho. Daktari, mtu mpole aliyependa kuchora, alimchorea duara kwenye karatasi na kulipaka wino pembeni, upande wa kushoto zaidi. Palipopakwa hapatarudi, alisema. Matone ya kila siku yangelinda palipobaki, au yangechelewesha tu. "Wengine wanazeeka nayo vizuri kabisa. Wengine miaka mitano, sita. Siwezi kukuahidi, mama, ningekuwa nakudanganya." Chapchap akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia ndani kabisa ya mkoba.

Njiani alimwaza marehemu mama yake. Mama alipofuka watu walisema ni uzee, na hakuna aliyehangaika zaidi ya hapo. Alitembea kwa kupapasa ukuta wa korido, asubuhi kwenda, jioni kurudi, mpaka ukutani pakabaki mstari mweusi wa kiganja, usawa wa kiuno, ambao hata rangi iliyopakwa baada ya msiba haikuuficha. Chapchap alikuwa akipita pale akiwa msichana na kujitia haoni. Sasa aliuona mstari ule kila alipolala na kila alipoamka.

Hakumwambia mtu. Badala yake alikata shauri la kichapaji. Programu za kusoma skrini kwa sauti zipo, hilo alilijua, na masikio yake yalikuwa mazima. Alichokiogopa ni kukabidhiwa kibodi ngeni siku ambayo macho yamekwisha, vitufe visivyomjua, aanze upya gizani na umri wake ule wa hamsini na mbili. Kwa hiyo laptopu atakayoinunua sasa ingekuwa ya mwisho. Angeisoma kwa vidole wakati bado anaona, aizoee kila kona, na yenyewe ingebidi idumu kuliko macho yake. Hapo kazi ingebaki, na kazi ikibaki, yeye naye angebaki mtu.

Ndiyo maana alikwenda madukani wiki tatu mfululizo na daftari mkononi. Wauzaji walimsifia wembamba, kasi, rangi za skrini. Yeye aliuliza betri inatoka kwa skrubu au imegandishwa kwa gundi, bawaba ni za chuma au za plastiki, kibodi ikifa inauzwa peke yake au mpaka ununue nusu ya mashine. Kisha alifumba macho na kuipapasa. Muuzaji mmoja alimtazama weee, uvumilivu ukamwishia.

"Mama, unaiombea?"

"Inahitaji," akajibu, akahamia nyingine.

Alipokwama ndipo akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa kompyuta mwenye chumba chake ghorofa ya chini kwenye jengo la maduka. Chumba kilijaa laptopu zilizokufa, zimepangwa wima kwenye rafu mpaka darini. Shemeji huyo hakuwa na breki mdomoni. Hata msibani alikuwa akiwekwa mbali na wafiwa asije akawachekesha.

"Wiki tatu, shemeji," alisema akimvutia kiti. "Unachagua laptopu au unachagua mkwe?"

"Mkwe ningekuwa nimeshampata."

Alimpangia tatu mezani. Mbili aliziazima kwa jirani mwenye duka. Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, ya kung'aa. "Hii ukiishika unajiona waziri," shemeji akasema. "Lakini ndani kila kitu kimegandishwa. Kibodi ikizingua, umeumia. Miaka mitatu, minne ukiitunza." Ya pili betri yake ilitoka kirahisi, ila bawaba zilikuwa za plastiki, na za aina hiyo alikuwa ameshazizika sita mwaka ule. Ya tatu ilikuwa yake mwenyewe, nene kama tofali, imetumika ofisini miaka minne, mgongoni ina alama ya kibandiko kilichobanduliwa. Alikuwa ameitia betri mpya na kuiongezea memori. Waya mmoja mnene ulitoka ubavuni mwake ukaenda zake kushoto mwa meza. Chapchap hakuufuata.

"Sura haina," shemeji akakiri. "Lakini chuma. Kibodi yake skrubu mbili tu, unaitoa huku unapiga soga."

"Imeshakula miaka minne. Ikifa je?"

"Sote tutakufa, shemeji."

"Nimekuja kwa fundi, sikuja kwa mhubiri. Itadumu miaka mingapi?"

"Kwani wewe unataka mingapi?"

"Kumi."

Shemeji akacheka mpaka akashika meza. "Kumi! Mimi mwenyewe sina garantii ya miaka kumi. Ya nini yote hayo? Unatumia minne, mitano, ikichoka unakuja nakupa nyingine, mambo yanaendelea."

"Sitaki nyingine."

Alilisema kwa ukali ambao haukuwa na sababu mbele ya mtu anayemsaidia. Bahati nzuri mteja aliita mlangoni. Akatoka kumsikiliza.

Chapchap akabaki na zile tatu. Akajikaza, akavuta ya kwanza, akafumba macho na kuchapa sentensi aliyoichapa kila duka, ile inayofungua kila kikao cha baraza: shauri limeitwa, pande zote zipo. Vitufe vilikuwa vifupi mno, vidole vikagonga ubao. Akavuta ya pili. Vinundu vyake vilikuwa laini, na kidole chenye jasho kingevipita bila salamu. Akavuta ya tatu, akainamisha skrini yake hadi nusu ili asishawishike kutazama, akaweka mikono.

Vinundu vilikuwepo, vyote viwili, vikali kama chembe za mchanga. Vidole vya shahada vilitua juu yake na vingine vinane vikajua mahali pao papo hapo. Akachapa ile sentensi. Kila kitufe kilishuka kikarudi kwa namna moja, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya bakuli jeupe mabega yake yakalegea. Na kwa kuwa skrini ilikuwa imeinama na macho yamefumba, na chumba kimya, vidole havikusimama. Vilikuwa vimezoea kuandika yale watu wanayoyasema wakiwa wamebanwa, vikaandika na haya. Alichapa kwa kasi yake yote, bila kurudi nyuma, na alipofika nukta ya mwisho aliona afadhali. Alikuwa ameipata mashine yake.

Akafumbua macho, akageukia mlangoni, akapaza sauti. "Shemeji! Njoo, nimechagua!"

"Niko hapa."

Sauti ilitokea kushoto, karibu na bega. Alishtuka, kiti kikasogea. Shemeji alikuwa amesimama pale, mkono wake ungeweza kugusa mkono wa kiti, na uso wake haukuwa na mzaha hata chembe.

"Umesimama hapo tangu lini?"

Shemeji alikuwa akitazama kitu kilichokuwa mbele yake, na Chapchap ilimbidi azungushe kichwa chote, mbali, ndipo akakiona. Ilikuwa skrini kubwa kuukuu ambayo fundi huyo huzipimia mashine zote. Ule waya mnene uliishia hapo. Skrini ilikuwa ikiwaka muda wote huo, wazi, na herufi zake zilikuwa nene kama za mabango.

Shauri limeitwa, pande zote zipo. Naogopa. Daktari amesema miaka mitano au sita. Mama alipapasa ukuta mpaka ukaweka alama. Sijamwambia mume wangu kwa sababu nikisema itakuwa kweli. Naomba mashine hii idumu kuliko macho yangu.

Kilichomtisha si kwamba yamesomwa. Ni kwamba skrini yenye upana wa mikono miwili iliwaka kando yake, na mtu mzima akaja akasimama kando yake, na yeye hakuona kimoja wala kingine. Alikaa akaitazama, machozi yakimtoka, naye shemeji akamwacha.

Kisha shemeji akaenda kwenye rafu. Alivuta maiti moja ya laptopu, akaikagua mgongoni, akairudisha. Akavuta nyingine, akaiweka mezani. Akapata ya pili, akapanda juu ya stuli akapata ya tatu, zote za aina ileile nene. Akachukua bisibisi. Skrubu mbili, kibodi imetoka. Skrubu mbili tena. Alipomaliza alipangusa vumbi kwa kitambaa, akashika mkono wa shemeji yake na kupitisha kidole chake juu ya F ya kila moja, taratibu, ili ahakikishe mwenyewe.

"Hizi tatu za akiba," akasema. "Uziweke kwako, kwangu nitazipoteza. Unavyogonga wewe, kila moja miaka mitano. Mikono haitajua kama zimebadilishwa."

"Hiyo ni miaka ishirini," Chapchap akasema.

"Utachoka wewe kwanza." Alijaribu kucheka, haikuja. "Kaka hajui?"

"Hajui."

"Shemeji, mimi mbele ya kaka siwezi kuficha kitu. Ananijua."

"Nipe mpaka jioni."

Alirudi nyumbani na mkoba mzito begani, akitembea karibu na kuta, na alipogundua kwamba anatembea karibu na kuta akahamia katikati ya njia na kuogopa zaidi. Aliifungua laptopu kwenye meza yake, akazipanga zile kibodi tatu kabatini chini ya sahani. Mumewe alirudi jua likiwa bado dirishani, akavua viatu, akaja kuitazama hiyo mali ya wiki tatu.

"Ndiyo hii? Mbona mbaya hivi?"

Alisikia anavuta kiti, upande wa kushoto. Alisikia anakaa. Akageuza shingo kidogo na hapakuwa na mtu.

"Usikae huko," akasema. "Njoo huku mbele."

"Kwani hapa pana nini?"

Vidole vyake vilivitafuta vile vinundu, vikavipata, vikabaki hapo bila kuchapa chochote.

"Hapo sikuoni," akasema.