Nani Atakuitikia?

Jumamosi nilipanga foleni kwenye kinu cha kusaga mahindi sokoni Khwisero, nyuma ya kasisi wa kanisa letu dogo la Kianglikana. Mbele yake alisimama kukhu mmoja, bibi aliyetuhama akafuata kanisa la hema lenye spika kubwa.

“Kukhu, umetupotea,” kasisi akamwambia.

Bibi akacheka, mdomo kaufunika kwa leso. “Kwenu nilikuwa nasinzianga tu. Kule tunaruka mpaka magoti yanapona. Lakini nikifa, unizike wewe. Wale hawajui kuzika. Wanapigianga maiti kelele.”

Kasisi akatua mfuko wake wa mahindi. “Nitakuzika vizuri, kukhu. Lakini tumebaki wachache, tena wazee kuliko wewe. Nikisema ‘Bwana awe nanyi,’ nani ataitikia?”

Kicheko kikamkauka bibi. Unga wake ulipokuwa tayari, akajitwika akaenda.

Jumapili alikuja na majirani zake wa hemani, wakajaza benchi la mbele. Kila sala aliitikia kwa sauti, akiwapiga wenzake kiwiko: “Semeni vizuri! Mnafikiri ni matanga ya nani?”

Miaka yote tumetafuta mahubiri ya kuwavuta watu. Kumbe tungewauliza tu watazikwa na nani.