Siku Nilipoandika "Siwezi"

Utumbo wangu mpana ulipoanza kuvimba na kutoa damu, kliniki ya Mombasa iliamua nifuatiliwe nikiwa nyumbani kwangu Mwabungo. Nilishukuru, maana mwenye maradhi haya hawezi kusimama katika foleni ya feri ya Likoni pasipo na choo karibu. Kila Jumatatu muuguzi, binti wa bara mwenye adabu, aliniletea fomu katika simu: nimekwenda haja mara ngapi, kuna damu, maumivu yakoje. Kutokana na majibu hayo daktari angejua lini aniongezee dawa.

Nimesoma hadi chuo kikuu, lakini mambo ya msalani sikulelewa kuyaandika. Wiki kadhaa niliiacha fomu nikamjibu, "Sijambo, alhamdulillahi."

Kisha ugonjwa ukaamka. Kutoka kitandani hadi chooni ni hatua kumi na moja, na dunia yangu ikaishia hapo. Sikwenda kazini, sikwenda mazikoni kwa jirani. Jumatatu ilipofika nilijikaza nikaandika neno moja: "Siwezi."

Kwetu neno hilo linatosha. Ukiambiwa fulani hawezi, unajua ni mgonjwa, unavaa buibui ukamtazame.

Muuguzi alijibu: "Sawa mama, hakuna shida. Pumzika."

Nikapumzika nikingoja simu ya daktari. Jumanne haikulia. Jumatano niliona damu nyingi kuliko siku zote, nami nikaendelea kungoja, nikiamini kwamba nimekwisha kusema. Alhamisi nikapiga mwenyewe.

"Mwanangu, mbona daktari hajanipigia?"

"Kwani kuna tatizo, mama? Si ulisema huwezi?"

"Ndiyo. Siwezi."

"Basi tukaandika huwezi kujaza fomu. Tukasema tusikusumbue."

Mama mkwe alikuwa ukumbini akichagua mchele, na mlango wa chumba changu ni pazia. Nilielewa kwamba nikiinusuru haya yangu, damu itaendelea kutoka. Nikasema kwa sauti iliyosikika nyumba nzima: "Ninaharisha damu. Mara tisa tangu jana."

Ungo ulitulia. Muuguzi akasema, "Ngoja, mama, nimpe daktari simu."

Dawa ziliongezwa siku ile ile, na kwa amri ya daktari fomu ikawa ya kila siku. Damu imepungua, ingawa bado sijaruhusiwa kutoka nyumbani. Mama mkwe hakuniuliza lolote kuhusu aliyoyasikia. Ila jana, nilipokuwa nikijaza fomu kitandani, alipaza sauti kutoka ukumbini.

"Umeandika ngapi?"

"Nne, mama."

"Tano. Ile ya alfajiri ulidhani nimelala."

Nikafuta, nikaandika tano.