Surua ya Mzingefuri

Haya nimeyaficha miaka yote, hata mume wangu hayajui, lakini kwa kuwa mmeapa hamtacheka (najua mtacheka), basi sikilizeni.

Mwaka ule redio ilikuwa ni vita tu, Tanzania na Uganda, na huku kwetu Mbololo watu wakanong'onezana kwamba nesi anayepita shuleni kupima watoto anawatoa damu wale wenye afya ipelekwe kwa askari waliojeruhiwa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, nimeacha shule darasa la sita tulipomzika baba na kisha mama, na wadogo zangu Mghoi na Mwakio ndio niliobakiwa nao duniani. Nikaona heri waonekane wagonjwa. Asubuhi nikaponda mbegu za mzingefuri, zile nyekundu ambazo wasichana hujipaka midomoni, nikawatia madoadoa usoni na shingoni, nikawafunza na kukohoa, kisha nikawafuata hadi kwenye ua wa shule nichungulie.

Jamani! Nesi alipowaona tu akainua mkono: "Surua! Mtu asiingie, mtu asitoke!" Mwalimu mkuu akapiga kengele, akina mama wakashuka mbio na majembe yao, mmoja akazirai langoni, mwalimu mwingine akapanda baiskeli kumwita chifu, na mimi nimeng'ang'ania ua najiuliza, Wakesho, umefanya nini?

Jua likapanda, jasho likawatoka, madoa ya Mwakio yakateremka hadi kwenye kola. Nesi akainama, akampangusa kwa pamba, akainusa.

"Surua gani hii inapanguka?"

"Ni dada Wakesho," Mwakio akasema kwa sauti ya kukariri shairi (mtoto yule!), "ametupaka ili usitutoe damu. Yule pale, kwenye ua."

Watu wote wakageuka. Walicheka hata yule aliyezirai akaamka akacheka. "Daktari Wakesho! Na mimi nipake!"

Nesi peke yake hakucheka. Aliniita mbele ya wote.

"Mama yenu yuko wapi?"

"Ni mimi, Sista."

Akanitazama. Akaniketisha pale wanapokaa watoto, akavuta kope ya jicho langu chini kwa kidole, akageuza kucha zangu kwenye mwanga, kisha akauliza polepole, nisikie mimi tu, "Wakishakula hawa, wewe hula nini?"

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kwamba nalala njaa ili wao washibe, na yeye amesoma yote ndani ya jicho, kwa dakika moja!

"Asiye na damu hapa ni wewe, mwanangu."

Akanipa vidonge vya kuongeza damu, akawaamuru Mghoi na Mwakio wasiguse sahani zao kabla hawajaniona nikitafuna chakula changu. Nao walinisimamia kama askari. Tangu hapo nimeapa: uvumi nitausikia, lakini mtu mwenyewe anayesemwa nitamwendea kwanza nimtazame usoni, naye anitazame.